Zako Tia Maji

Baba yangu alifikisha miaka 71 hajawahi kuziona ndevu zake. Alianza kuzinyoa akiwa kijana wa miaka 18, wiki ileile alipoingia kwenye kazi ya sare, na tangu hapo kila alfajiri, akisharudi msikitini, alikaa uani kwetu Tanga na kioo kidogo cha duara, bakuli la maji baridi, kipande cha sabuni na wembe. Akiwa likizo alinyoa. Akiwa na malaria alinyoa. Alipostaafu tukadhani atapumzika, akaendelea kunyoa. Nimekua nikiamshwa na ule mkwaruzo, kwaru, kwaru, halafu kimya kidogo, halafu pumzi ya mtu anayevumilia spiriti.

Shingo yake sisi watoto tulidhani ndivyo shingo za watu wazima zilivyo. Kuanzia chini ya taya hadi kwenye kikoromeo ngozi ilikuwa nyeusi kuliko uso, imejaa vinundu vidogo vigumu, na joto la Januari na Februari lilipopamba moto alikuwa akijisugua kwa mgongo wa mkono, maana kucha zilitoa damu. Mama alisema ni wembe mchafu. Jirani akasema ni damu chafu, akaleta mizizi ya kuchemsha. Mwenyewe hakusema kitu. Kanzu yake ya Idi ina kola ya tarizi yenye kifungo juu kabisa. Kifungo kile hakukifunga hata mara moja. Nikajua ni mtindo wake.

Nilipofika umri wa kunyoa nikarithi vyote viwili, wembe na shingo.

Naandika haya kwa sababu kila wiki nawaona vijana ndani ya daladala wana shingo kama ile, na najua wanachoambiwa nyumbani: badilisha sabuni, badilisha wembe, nyoa mpaka chini kabisa pawe pasafi. Mimi niliambiwa hivyo kwa miaka, nikatii kwa miaka.

Nywele zetu zimejikunja tangu zikiwa ndani ya ngozi. Kile kitundu ambamo unywele unaota hakikwenda chini wima kama kisima, kimepinda kama jambia. Unywele ukikatwa kwa wembe unabaki na ncha kali, kama mwanzi uliokatwa mshazari. Ukianza kuota tena unafuata njia yake ileile ya kupinda: unatoka nje, unageuka, na ile ncha inaingia kwenye ngozi kando ya pale ulipotokea. Nyembe zenye visu viwili, vitatu au vitano pamoja zinaongeza balaa. Kisu cha kwanza kinauvuta unywele juu, kinachofuata kinaukata, kisha kipande kilichobaki kinarudi chini ya ngozi. Siku ya kuota hakijui pa kutokea, kinatoboa humohumo ndani. Mwili hauna habari kwamba huo ni unywele wake mwenyewe. Unauona ni mwiba, unaushambulia. Panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha, na pakipona panaacha alama nyeusi. Sisi wenye asili ya Afrika ndio tunaoumia zaidi, kwa sababu ya hayo mapindo. Si uchafu, si damu mbaya, wala si ugonjwa wa kuambukizana.

Yote haya sikuyajua nilipopata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa Dar es Salaam. Sharti la kwanza kwenye karatasi ya taratibu za kazi lilikuwa uso safi. Kila asubuhi msimamizi alisimama mlangoni, akikuangalia kidevu kwenye mwanga wa jua kabla hujasaini. Vijivinyweleo vikionekana unarudishwa chooni na wembe wa hoteli, unanyoa bila maji ya moto, bila chochote, dakika tano. Nilinyoa kila siku, siku nyingine mara mbili. Ndani ya mwaka mmoja shingo yangu ikawa ya Baba, na mashavu nayo yakaingia.

Mwenzangu wa zamu akanishauri nijaribu poda ya kunyolea, ile inayokorogwa kwa maji na kunuka kama yai viza. Ile poda haikati, inayeyusha: kemikali yake inavunja vifungo vinavyoushikilia unywele ukawa mgumu, mpaka unafutika kwa kitambaa. Ikitumiwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na isiwe kila siku, wapo inaowasaidia kweli, kwa sababu unywele unabaki na ncha butu. Mimi nilikuwa na haraka ya kupona. Nikaiacha ikae mpaka ikakauka usoni. Nilipoifuta nikafuta na ngozi. Nilikwenda kazini na plasta mbili shingoni, na mgeni mmoja, mama wa makamo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshambuliwa na vibaka.

Plasta zile ndizo zilizonipeleka kwa daktari wa ngozi. Alikuwa amesomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia kanda nzima ya nchi zetu na nyingine jirani. Waliopita pale utawakuta kwenye hospitali nyingi za mikoani, na nadhani watu wengi wanawapita tu mlangoni kwa kudhani kipele si cha kumpelekea daktari. Akanilaza, akawasha taa, akashika kioo cha kukuzia na sindano. Kisha akanipa kioo cha mkononi nitazame mwenyewe.

Nikauona unywele mmoja. Ulikuwa umetoka kwenye kitundu chake, umejikunja nusu duara na kuzama tena kwenye ngozi upande wa pili, kama uzi wa cherehani uliopigwa mshono mmoja. Akapitisha ncha ya sindano chini ya lile pindo, akaliinua taratibu, na mwisho wa unywele ukachomoka. Haukung'oka, ulibaki umesimama palepale ulipoota. "Huu ulikuwa unakudunga wenyewe," akasema. "Na unazo kama huu mia."

Agizo lake lilikuwa fupi. Wiki nne usiguse wembe. Usiking'oe kitu kwa kibano, kwa sababu unywele uliong'olewa utaanza upya ndani kwa ndani. Usikune. Akanipa krimu ya kupaka usiku ya kutuliza uvimbe, akasema kazi kubwa itafanywa na nywele zenyewe: zikirefuka kufikia kama sentimita moja zinajivuta kama springi na kujichomoa. Nilipiga hesabu ndani ya daladala. Ndevu zinaota kama milimita 0.4 kwa siku. Sentimita moja ni siku 25.

Nilipeleka barua ya daktari kazini. Mkuu wa kitengo akaisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Hapa tunataka watu safi," akasema.

Neno lile limenikaa mpaka leo. Uso wangu haujawahi kuwa mchafu kama siku zile ulipokuwa mtupu, una usaha chini ya taya na damu kwenye kola ya shati jeupe. Tumefundishwa kwamba uso usio na unywele ndio nadhifu na wenye ndevu ni wa mtu aliyejiachia, na tukaifanya sheria ya kazi, bila kuuliza sheria hiyo iliandikwa kwa kuangalia nywele za nani. Hata Kiswahili chenyewe kinatushuhudia. Hatusemi mtu ameacha ndevu, tunasema anafuga ndevu, kama anavyofuga kuku au mbuzi. Anayefuga analisha, ananywesha, anasafisha banda. Aliyeachia hakufuga.

Nikaomba likizo yangu ya mwaka. Sheria inatupa siku 28, na kwa ndevu siku 28 zinatosha. Tanga sikwenda, sikutaka Baba anione vile.

Wiki ya kwanza iliwasha mpaka nikalala na soksi mikononi. Wiki ya pili nilikuwa na sura ya mtu anayetafutwa, pana mabaka hapa na pale, vipele viko vilevile, na kila nilipopita dukani nyembe zilizoning'inizwa zilikuwa zinaniita. Wengi wanakata tamaa hapo, na sababu naielewa. Wiki ya tatu sikumbuki mengi. Siku ya 24, usiku, nimelala kifudifudi, nikagundua kwamba shingo yangu iko juu ya mto na haiumi. Nikainuka nikapapasa. Vinundu vilikuwa vimelala. Nilikaa kitandani gizani nikijipapasa shingo kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibiwa.

Kabla ya kurudi kazini nilikwenda kwa kinyozi. Nimebadilisha vinyozi wengi, lakini huyu wa Mwananyamala simwachi. Ni mtu mzima, ana viti viwili tu na redio, na siku ile alikataa kunigusa. Nilikuwa nimeingia na vumbi na jasho la bodaboda. Akanionyesha sinki. "Wazee walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji," akaniambia. "Watu wanaichukua kama methali ya tahadhari. Mimi naichukua kama maelekezo ya kazi."

Na maelekezo ni ya kweli. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa kwa dakika mbili tatu, hasa kwa maji ya vuguvugu, unavimba na kulainika, na wembe unapita bila kulazimisha. Ila kinyozi wangu ana nyongeza ambayo sikuisikia kwa mwingine: maji ni ya wembe, mashine inataka ukavu. Ndevu zetu zikilowa zinanyooka na kuonekana ndefu, zikikauka zinapanda juu. Ukipunguza urefu zikiwa mbichi utashangaa baada ya nusu saa kidevu kimebaki robo. Kwa hiyo anaosha kwanza, anakausha kwa taulo kwa kubonyeza, hasugui, kisha anachukua chanuo na kuzichambua kutoka chini kwenda juu mpaka kila unywele usimame mbali na uso. Hapo ndipo unaona ndevu za kweli, maana zilizojikunja zinaficha urefu. Ndipo mashine inaingia.

Kwangu mashavuni anapita na namba mbili, ambayo ni kama milimita 6, kidevuni anaweka namba tatu, na kwenye masharubu anatumia mkasi mdogo kufuata mdomo wa juu. Ndevu za mashavuni zinazoungana na za kidevu, zile wazee wanaita sharafa, anazififisha polepole kuelekea masikioni pasiwe na ngazi. Anakwenda na mwelekeo wa nywele. Shingoni mwelekeo unabadilikabadilika, kwangu upande wa kulia zinalala kwenda chini na wa kushoto zinakwenda kando kuelekea sikio, na anaupapasa kwa kidole kabla ya kila mkato. Na havuti ngozi. Hili ningependa vinyozi wote walisikie: ukiivuta ngozi ikakaza, ukakata, ukaiachia, unywele unarudi ndani. Panakuwa laini kwa siku mbili, siku ya tatu mteja anajikuna.

Mstari wa shingo ndio unaowaharibia wengi. Vijana wanataka uchongwe juu, uufuate mfupa wa taya, kwa kudhani uso utaonekana mwembamba. Inakuwa kinyume: nyama ya chini ya kidevu inabaki wazi, na mtu mwembamba anaonekana ana videvu viwili. Weka vidole viwili juu ya kikoromeo. Hapo ndipo mstari unapopita, kisha unapanda kwa mkunjo laini hadi nyuma ya masikio. Chini ya hapo mimi sinyoi kwa wembe, napita mashine bila kitana na kuacha kama milimita moja. Kwa mbali panaonekana pasafi, na milimita hiyo moja ndiyo inayozuia ncha zisirudi kwenye ngozi. Mashavuni usishushe mstari kuliko pale ndevu zenyewe zilipoamua kuanzia. Toa zile chache zilizozagaa juu, basi.

Kazini nilirudi na ndevu fupi, zimechongwa, na msimamizi alinitazama muda mrefu mlangoni. Akaniacha nisaini. Sikuwahi kujua kama ilikuwa ile barua au alichoka. Miezi minane baadaye niliondoka pale kwa sababu nyingine kabisa.

Nyumbani kazi ni ndogo, ila ni ya kila siku. Babu yangu mzaa baba alikuwa na ndevu kubwa, urefu wa ngumi moja, na alizikata zilizozidi ngumi. Sikumbuki kumwona na chupa ya kitu chochote cha dukani. Nakumbuka akitawadha: akishaosha uso anachota maji kiganjani, anayapeleka chini ya kidevu na kupitisha vidole katikati ya ndevu mpaka maji yafike kwenye ngozi. Mara tano kwa siku. Leo najua kwamba kwa ndevu za aina yetu hayo maji ni nusu ya matunzo. Mafuta ya asili ya ngozi yanateleza vizuri kwenye unywele ulionyooka, kwenye wetu yanakwama kwenye pindo la kwanza, na ncha zinabaki kavu, zinakatika. Zinahitaji maji mara kwa mara, kisha kitu cha kuyazuia yasikimbie.

Kitu hicho kwangu ni mafuta ya nazi ya Mama. Anakuna nazi kumi, anakamua tui zito, analiweka jikoni kwa moto mdogo na kukoroga, na kwa muda mrefu huoni kitu ila povu jeupe. Kisha ghafla tui linakatika: mashapo yanashuka yakiwa na rangi ya dhahabu, mafuta yanapanda juu yakiwa meupe kama maji, na nyumba nzima inanukia. Ananitumia chupa ya nusu lita kwa basi. Natumia matone matatu, napakaza viganjani, napitisha kwenye ndevu zikiwa bado zina unyevu. Yakipakwa kwenye ndevu kavu yanang'arisha tu. Mwenye ngozi inayotoa chunusi haraka ayaweke kwenye nywele, asiyasugue kwenye ngozi, kwa sababu mafuta ya nazi yanaziba vitundu. Na ndugu zangu wa Njombe na Arusha wasidhani wameuziwa feki yakiganda Juni na Julai. Chini ya nyuzi joto 24 ndivyo yanavyofanya.

Sabuni mara mbili au tatu kwa wiki inatosha, na isiwe ya kufulia. Ukiona unga mweupe unadondoka kwenye shati jeusi, hiyo ni mba, nayo mafuta hayaitibu, pengine yanailisha. Tafuta shampuu ya dawa famasi, iache povu lake likae dakika chache ndipo usuuze.

Kuhusu vifaa vya saluni sina upole. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka usiyoiona kwa macho, kwa siku saba au zaidi. Kupuliza meno ya mashine kwa mdomo na kuyapangusa kwa brashi hakufanyi kitu. Lile sanduku lenye taa ya bluu kwenye saluni nyingi ni la kuhifadhia vifaa vilivyokwisha kusafishwa; taa haisafishi uchafu uliokwama. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yako. Mashine isafishwe nywele, kisha ipate spiriti na muda wa kukauka, kabla haijagusa shingo yako. Mimi nina mashine yangu kwenye kimfuko, na naibeba. Mara ya kwanza niliogopa kumuudhi kinyozi wangu. Akaipokea, akaiwasha, akaisikiliza sauti, akaitia tone la mafuta ya cherehani, akasema, "Uliinunua vizuri." Basi.

Nikipata nafasi ya kumwambia mtu jambo moja kabla ya harusi yake, namwambia kuhusu rangi. Piko ya kupaka ndevu zenye mvi ziwe nyeusi ina kemikali iitwayo PPD, na wapo ambao miili yao haiitaki. Rafiki yangu alipaka usiku wa kuamkia ndoa yake. Asubuhi midomo ilikuwa imevimba na jicho moja limefungwa kabisa, na akapelekwa hospitali kwanza, msikitini baadaye, watu wakisubiri mpaka alasiri. Alikuwa amewahi kupaka mara mbili huko nyuma bila tatizo, na ndivyo mzio huu unavyomvizia mtu. Pakiti zinaagiza ujaribu kidogo kwenye ngozi na kungoja siku mbili, na hakuna anayengoja. Hina ya majani peke yake ni jambo jingine, ila haitoi weusi. Inatoa ule wekundu wa kahawia unaouona kwenye ndevu za baadhi ya wazee wa Pwani, na hina inayotoa weusi ujue imechanganywa.

Mpwa wangu ana miaka 19, na ananitumia picha za kidevu. "Mjomba, mbona zangu haziungani?" Alishajaribu maji ya vitunguu na mafuta ya nyonyo, akawa ananyoa kila siku kwa kuambiwa wembe unazidisha. Hauzidishi. Unywele uliokatwa una ncha pana, kwa hiyo unaonekana mnene, idadi ni ileile. Sasa anataka kununua minoxidil, ambayo wenzake wote wanapaka. Dawa hiyo ilianzia kwenye shinikizo la damu, madaktari wakaona wagonjwa wanaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu itumike kwa upara wa kichwani. Ndevuni watu wanaipaka kwa uamuzi wao. Inaweza kusaidia baada ya miezi mitatu minne, inaweza pia kukausha ngozi au kukupandisha mapigo ya moyo, na nyumba yenye paka isiiweke ovyo, kwa paka ni sumu. Nimemwambia angoje. Zangu ziliungana nikiwa na miaka 27, za Babu sijui, na ndevu za mwanamume zinaendelea kujaa mpaka anapopita miaka 30. Hajafurahi. Amenitumia picha nyingine jana.

Kwa Baba nilichelewa kusema. Mtu anamwambiaje baba yake kwamba jambo alilolifanya kila alfajiri kwa miaka 53 ndilo lililokuwa likimuumiza? Nilikwenda Tanga siku chache kabla ya Ramadhani, nikamkuta uani na kile kioo. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Nikakaa kwenye kigoda kando yake, nikamwomba ruhusa nimtazame shingo. Nilikuwa na kioo cha kukuzia mfukoni. Nikatafuta unywele mmoja, pindo zuri, wazi, nikamshikia kioo upande wake ili auone.

Alitazama muda mrefu. Akaniomba nisogeze mwanga. Akatazama tena.

"Kumbe unarudi ndani."

"Ndiyo, Baba."

"Na wembe?"

"Wembe ndio unaouchonga."

Akaufunga ule wembe kwenye karatasi yake, taratibu, akauweka juu ya dirisha. Akauliza siku ngapi. Nikamwambia wiki nne. "Mwezi wa kufunga," akasema. Akanyoa mara ya mwisho tarehe 29 Shaabani.

Nilirudi mkesha wa Idi. Zilikuwa nyeupe. Nyeupe zote, bila uzi hata mmoja mweusi, zimejaa mashavu yote mawili na kuungana chini bila pengo, na mimi na Mama tulijikuta tunamtazama kila alipogeuka. Nilimketisha uani asubuhi baada ya kuoga. Nilimwosha, nikamkausha kwa kubonyeza, nikazichambua kwa chanuo, nikapita mashine na namba tatu. Shingoni nilipapasa kwanza kutafuta mwelekeo. Vinundu vilikuwa vimebaki vichache, vimelala, na weusi ulikuwa bado upo; weusi utachukua miezi. Alikuwa amefumba macho kwa mazoea ya kungoja spiriti. Nikampaka mafuta ya nazi.

Akashika kile kioo cha duara. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto. Akapitisha vidole vinne chini ya kidevu, kutoka nyuma kuja mbele, vilevile kama Babu.

Kisha akaingia ndani kuvaa. Alipotoka Mama alikuwa anagawa tende kwa wajukuu, nami natafuta viatu vyangu, na tukawa tumechelewa kidogo kwenda uwanjani kuswali. Alisimama mlangoni akitungoja, kofia kichwani, kanzu imepigwa pasi, na kifungo cha juu kimefungwa.